Mshauri wa Masomo na Msimamo Wake

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Siku ya mahafali hutajwa watu wengi. Hutajwa mgeni rasmi, hutajwa mkuu wa chuo, hutajwa wazazi waliouza ng'ombe na kuweka rehani minazi ili mtoto asome. Mshauri wa masomo hatajwi. Hata hivyo, katika safari ya kijana tangu kuingia chuo mpaka kuvaa joho, ni watu wachache walioweka sahihi katika karatasi zake nyingi kama yeye. Leo nimekusudia tumzungumzie mtu huyo, na hasa anapokuwa mwanamke mwenye msimamo: yule ambaye wasomi humwita mfeministi, wenye vyama humwita mtetezi wa haki za wanawake, na mitaani kwetu tumezoea kumwita 'mama Beijing'.

Jina hilo lina asili yake. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa wanawake katika jiji la Beijing, na Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella. Tulijivuna kweli kweli. Lakini haukupita muda jina la Beijing likageuka kejeli. Mwanamke akiuliza mshahara wa mumewe umekwenda wapi, huyo Beijing. Mwalimu wa kike akikataa msichana aitwe 'mtoto mzuri' katika kikao, huyo naye Beijing.

Nimekuwa mwalimu wa chuo hapa mkoani Tanga kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo kazi ya ushauri wa masomo sikuikosa. Kejeli hiyo naijua. Lakini juma lililopita nimepata barua isiyokuwa ya kejeli. Mzazi mmoja wa Makorora ananiambia kwamba binti yake ameanza chuo, na amesikia kuwa mshauri aliyepangiwa ni mtu wa mambo ya jinsia. Mzee huyo anauliza kwa adabu: je, nimempeleka mwanangu akasomeshwe, au nimempeleka akageuzwe?

Swali hilo si la kupuuzwa. Mzazi aliyelipa ada ana haki ya kujua mwanawe anakaa mbele ya nani.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Mshauri wa masomo si yule mlezi wa wanafunzi anayeshughulika na mabweni na nidhamu. Huyu ni mwalimu wa kawaida aliyepewa orodha ya wanafunzi awaangalie. Ndiye anayewasaidia kuchagua masomo ya muhula, anayewaambia mzigo umezidi, anayekaa nao wanapopata kile wanachokiita 'sapu', yaani mtihani wa kurudia, na anayejaribu kuwazuia wasifike kwenye kile wanachokiita 'kudisko', yaani kuondolewa chuoni kwa kushindwa. Kwake ndiko zinakopita fomu za kubadili kozi na barua za kuomba kuahirisha masomo. Bumu likichelewa, na kijana hana nauli wala chakula, mara nyingi mlango wa kwanza kugongwa ni wake.

Sasa mtu anayefanya kazi hiyo anatakiwa awe hana upande? Wengi husema ndiyo. Mimi nauliza: katika pwani yetu hii, ni lini tumewahi kuwa na mshauri asiyekuwa na upande?

Mwana Kupona binti Msham wa Siyu alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa na msimamo juu ya dini, juu ya nyumba na juu ya mume, na hakuuficha. Sheikh Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 hapa hapa kwetu Machui, alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, naye pia alikuwa na msimamo. Kungwi anayemfunda mwali ana msimamo kuliko wote. Hakuna aliyewahi kumwambia kungwi: sema, lakini usiwe na maoni.

Tena tusidhani kwamba kumtazama mwanamke kama mtu kamili ni jambo lililoshuka kwa ndege mwaka 1995. Sheikh Shaaban huyo huyo ndiye aliyeandika kitabu kizima juu ya maisha ya Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyetoka katika umaskini akawa sauti ya pwani yote. Na wanahabari wanawake walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Kwa hiyo mama Beijing ana mabibi zake, na mabibi hao wengine ni wa pwani hii.

Yule anayesema hana upande ndiye wa kutazamwa kwa makini zaidi. Nitatoa mfano kutoka katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1961, elimu ya chuo kikuu ilipoanza Dar es Salaam kwa kitivo cha sheria, katika darasa lile la kwanza alikuwamo mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Idadi ya wanawake ikaanza kupanda polepole. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Liliagiza kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza kwa miaka miwili hivi, apate na sifa njema kazini. Nia ilikuwa nzuri: msomi aijue jasho ya wananchi. Na sheria ilikuwa moja kwa wote, mvulana na msichana.

Ikawaje? Wanawake walioingia chuo kikuu wakapungua. Kwa msichana, miaka ile miwili ndiyo miaka ya kuposwa, kuolewa na kuzaa. Mvulana alikwenda kazini akarudi. Msichana alikwenda, na mlango ukafungwa nyuma yake. Serikali ililiona hilo, na kufika mwaka 1976 wanawake wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Wasikilizaji, sheria ile haikuandikwa na watu wabaya. Iliandikwa na watu ambao hawakujiuliza swali moja: na msichana je?

Basi mimi naona msimamo wa mshauri kazi yake ya kwanza ndiyo hiyo, kuuliza swali ambalo mwingine halimjii. Nilipata kukabidhiwa faili la msichana mmoja wa mwaka wa kwanza. Mwalimu aliyetangulia alikuwa ameandika neno moja: mtoro. Hakika alikuwa akikosa vipindi vyote vya asubuhi. Nilimwita nikamwuliza analala wapi na anaamka saa ngapi. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake Ngamiani. Aliamka saa kumi alfajiri, akakaanga vitumbua, akachota maji, akavipeleka vitumbua kwenye duka, ndipo akaoga na kutafuta daladala. Mpaka anafika, kipindi kimekwisha.

Huyo si mtoro. Huyo alikuwa na kazi mbili. Nilimbadilishia kundi la mazoezi likawa la alasiri, na siku moja nikaenda kumwamkia shangazi. Sikwenda na hotuba ya haki za binadamu. Nilisema, "Shangazi, nimekuja kuomba siku mbili kwa juma, za asubuhi." Tukazungumza, tukanywa chai, akanipa siku tatu. Mvulana wa nyumba ile ile, ambaye naye alikuwa mwanafunzi, hakuwahi kuombewa chochote, kwa sababu hakuwahi kuchota maji.

Kazi ya pili ni kutomfungia msichana milango kabla hajaiona. Kuna ushauri unaotolewa kwa mapenzi kabisa: mwanangu, soma ukatibu mahsusi, soma uuguzi, soma ualimu, upate na muda wa nyumba yako. Sina neno na kazi hizo; mimi mwenyewe ni mwalimu. Lakini hapa Tanga kuna bandari. Kuna kiwanda cha saruji Pongwe. Kuna Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Kuna chuo cha mifugo Buhuri. Msichana anayepata alama nzuri za hesabu akiambiwa habari ya ukatibu peke yake, hakushauriwa, amechaguliwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona jambo hilo. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiliandaa masomo ya matayarisho kwa wasichana waliokosa alama kidogo tu za kuingia sayansi na uhandisi. Walisoma kwa majuma kadhaa, wakapimwa, na waliofaulu wakaingia. Wapo waliosema huo ni upendeleo. Lakini mtu anayeijua maabara ya shule nyingi za wasichana za vijijini, yenye chupa tupu na kabati lililofungwa, hashangai kwamba alama zilipungua. Anashangaa kwamba zilifika pale.

Kazi ya tatu ni ngumu kuitaja redioni, lakini lazima itajwe. Nayo ni rushwa ya ngono. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Wakati ule palikuwa na desturi ya mabango ya ukutani yaliyoitwa Mzee Punch. Yalianza kama utani na ukosoaji, yakaja kuwa rungu la kuwapigia wasichana. Nchi ilishtuka. Tangu hapo tumepata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 25 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi, haki au upendeleo. Mwalimu anayeuza alama kwa mwili wa mwanafunzi hafanyi utovu wa nidhamu tu, anatenda jinai.

Lakini sheria iko kwenye kabati, na msichana yuko mlangoni kwa mwalimu saa kumi na mbili jioni. Anayeweza kuona mapema ni mshauri wa masomo, kwa kuwa dalili zinampitia yeye kwenye karatasi. Msichana aliyekuwa akipata alama za juu ameanguka katika somo moja tu. Ameacha kuhudhuria kipindi cha mwalimu mmoja tu. Anaomba kubadili kozi na hana sababu ya kueleza. Mshauri asiyetaka kujua ataweka sahihi. Mwenye msimamo atafunga faili, amwambie akae, na atamwuliza kwa upole. Akiambiwa, hatasema "ulivaa nini". Atamweleza njia zilizopo, ndani ya chuo na TAKUKURU, ataandika tarehe, na hatamwacha aende peke yake.

Haya ni mema. Sasa nigeukie upande wa pili, kwa kuwa mzee wa Makorora hakuogopa bure.

Hatari ya mshauri mwenye msimamo ni kumfanya msichana kuwa bendera. Alikuwapo mwenzangu mmoja kazini, mwanamke shupavu ambaye namheshimu mpaka leo. Mwanafunzi wake wa mwaka wa pili alimjia na habari kwamba ameposwa na kijana anayefanya kazi Muscat, na harusi ni baada ya mfungo. Mwenzangu aliwaka. "Sisi tumepigania nafasi yako, wewe unakwenda kuolewa?" Msichana alilia, akatoka, na muda wa mwezi mzima hakuonekana tena katika ofisi ile. Ushauri wake akawa anaupata kwa mwenzake wa chumbani, ambaye naye hakujua kitu.

Aliletwa kwangu na rafiki yake, akiwa tayari kuondoka chuoni bila kuandika hata barua. Nilimwuliza maswali matatu. Unamtaka mwenyewe? Akasema anamtaka. Tarehe imepangwa? Bado. Na watu wa mume wanajua kwamba umebakiza mihula mitatu? Hapo akanyamaza. Hakuna aliyewaambia. Nikamwonyesha tofauti ya kuahirisha masomo na kupotea: anayeahirisha kwa barua nafasi yake humngojea, anayepotea hufutwa. Kisha nikamwambia jambo ambalo bibi yake angemwambia vile vile: mwanangu, sharti husemwa kabla ya mahari, si baada yake.

Alikwenda kwa mjomba wake. Mjomba akalisema mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba mtoto huyu anamaliza masomo, na upande wa mume ukakubali. Aliolewa wakati wa likizo, akapata mimba, akaahirisha kwa barua, akarudi, akamaliza akiwa amechelewa mwaka mmoja. Mwenzangu aliniambia nimesalimu amri. Kwa maoni yangu msichana yule alifanya kile ambacho sisi sote tulisema tunakitaka: alichagua mwenyewe, akiijua bei.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Msimamo unaomwongezea msichana njia ni msaada. Msimamo unaomwondolea njia moja na kumwachia ile anayoipenda mshauri ni ukungwi ule ule wa zamani, umebadilishwa kanga tu.

Na wavulana je? Mzee hakuuliza, lakini nitamjibu. Nimemwona kijana kutoka kijiji cha wavuvi huko Mkinga akipeleka nusu ya bumu lake nyumbani kila lilipotoka, akishinda na njaa, akashindwa mitihani, na asimwambie mtu kwa kuwa mwanamume halii. Mshauri aliyezoea kuuliza "unalala wapi, unakula nini, nani anakutegemea" atamwuliza na yeye pia. Kama anawauliza wasichana peke yao, huyo hajaelewa somo lake mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vyuo vyetu havipendi kulisikia. Mwanamke mwenye msimamo akiwa mmoja katika idara, shida zote za wasichana humwagwa mlangoni kwake. Mwenye mimba, mpeleke kwa mama Beijing. Anayelia, mpeleke kwa mama Beijing. Wenzake wanakwenda kuandika makala na vitabu, yeye anafuta machozi. Siku ya kupandishwa cheo huulizwa umechapisha nini, na hapana anayeuliza umewaokoa wangapi wasiondoke. Kazi hii itazidi kukua. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba kurudi darasani, na wengine wao watafika vyuoni wakiwa na watoto. Kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa Tanga kinahudumia kina mama wanaosoma usiku baada ya watoto kulala. Hawa wote hawawezi kuwa mzigo wa mwanamke mmoja. Mwalimu mwanamume ana masikio kama yeye. Ajifunze kuyatumia, na chuo kiihesabu kazi hiyo kama kazi.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Makorora, jibu langu ni hili. Usimwulize binti yako mshauri wake ni mtu wa mrengo gani. Mwulize mambo manne. Akienda, mlango uko wazi? Akieleza shida, anasikilizwa mpaka mwisho? Anaonyeshwa njia zote, pamoja na ile asiyoipenda mshauri mwenyewe, na kila njia inataka nini? Na akichagua, anasaidiwa katika alichochagua? Akijibu ndiyo mara nne, basi mshukuru Mungu, awe mama Beijing au asiwe. Akijibu hapana, mwombee abadilishiwe mshauri. Utaratibu wa kuomba upo, na si dhambi.

Nanyi vijana mnaoanza chuo mwaka huu, wa kiume na wa kike, msingoje sapu ndipo mkamtafute mtu huyo. Nendeni juma la kwanza, mkamwamkie, mkamwambie mnakotoka na mnaishi na nani. Faili lenye jina tupu ni rahisi kuandikiwa 'mtoro'.